Siti Iliyopanda Bila Mkono

Nati haikuwa imeguswa.

Sajini Anifa Mohamedi alipiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya ofisi ya kata, akaitazama kwa mara ya tatu, na mara ya tatu haikumwambia lolote jipya. Nati inayobana siti ya baiskeli ilikuwa bado imevaa kutu na vumbi la kiangazi kizima, bila hata mkwaruzo mpya wa spana. Aliyetaka kuipandisha siti ile angelazimika kuilegeza kwanza, na hakuna aliyeilegeza. Hata hivyo siti ilipanda asubuhi nne mfululizo, kijiji kizima cha Ngalamila kikiona kwa macho yake, na siku ya nne ikaua mtu.

Mkubwa wake wa upelelezi mjini Singida alimpa kazi hii kwa utani. Alisema kesi ya baiskeli apewe mtoto wa duka la baiskeli. Ni kweli baba yake Anifa aliuza vipuri tangu enzi za vibali, wakati mtu alipongoja mwaka mzima kupata mnyororo, mpaka enzi hizi za ruksa ambapo minyororo inaning'inia hata kwenye vibanda vya nyanya. Anifa alijifunza kuhesabu kwa gololi za ekseli kabla hajaanza shule. Utani ulikuwa wa mkubwa, faida ikawa ya kesi.

Akalichukua bomba la siti, kile chuma kinachoishika siti kwa juu na kuzama ndani ya fremu kwa chini. Lilikuwa limepinda kidogo kwa anguko. Upana wa vidole vinne kutoka ncha ya chini palikuwa na mkato mwembamba wa msumeno. Mafundi wanaojiheshimu huuweka mkato huo uwe mpaka: ukionekana nje ya fremu, siti imepandishwa kupita kiasi na aliyeikalia amekalia ajali. Lakini pale mdomo wa fremu ulipolitafuna bomba wakati wa kupasuka, jeraha jipya lilikuwa kidole kimoja na nusu tu kutoka ncha. Mkato ulikuwa nje kabisa, unaonekana na kila mtu.

Samweli, huyo aliyekufa, aliteremka mlima akiwa na kidole kimoja na nusu cha chuma ndani ya fremu. Anifa aliandika hivyo kwenye daftari.

"Umeona, afande?" aliuliza mtu mlangoni.

Alikuwa Mzee Zefania, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa Ngalamila, mtu wa miaka hamsini na kitu, kifua kipana na miguu mizima. Alisimama akiwa ameishika baiskeli yake mwenyewe kwa usukani. Tangu Anifa ashuke kwenye lori asubuhi ile hakuwa amemwona akiipanda. Aliisukuma tu huku na huko, kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani.

"Nimeona kwamba haikulegezwa," Anifa alijibu.

"Mkono wa mtu huacha alama. Huu haukuacha."

"Basi yule mjane mliyemfunga, Stumai, hana kosa. Mfungulie."

Zefania akatikisa kichwa taratibu. "Mkono si wake. Aliyeuita mkono ndiye yeye."

Habari yenyewe aliitoa kwa mpangilio wa mtu aliyekwisha kuisimulia mara nyingi. Mwezi wa tisa Nathanaeli, mtoto wa kwanza wa Bibi Rebeka, alikufa kwa homa. Aliacha baiskeli na mke, Stumai. Mdogo wake, Samweli, akapewa baiskeli, na mwaka ukiisha angepewa mjane pia. Stumai alisema mbele ya wazee kwamba baiskeli achukue, yeye hapana. Kwa desturi ya ukoo wao chombo cha marehemu hulala nyumbani kwake mpaka mwaka utimie, kwa hiyo Samweli aliiendesha mchana na kuirudisha kwa shemeji yake kila jioni. Nathanaeli alikuwa mrefu, mtu wa kuinama milangoni, na Samweli alimfika begani. Siti ikapelekwa kwa fundi mmoja kule mji mdogo wa Shelui ikashushwa, na kwa miezi miwili ikatulia.

Ijumaa iliyopita mvua ya kwanza ilinyesha, Samweli akalowa kutwa nzima njiani. Jumamosi asubuhi siti ilikuwa juu kidogo. Jumapili ilikuwa juu zaidi. Samweli akaikalia kwa nguvu zake zote ili izame, ikakataa, kama kwamba chini kuna anayeisukuma. Wazee wakamkataza kuitia spana kabla ya kuiombea. Jumatatu miguu yake ilifika kwenye pedali kwa ncha za vidole tu, na watu wakaanza kusema Nathanaeli anairudisha siti kwenye kimo chake. Samweli akacheka, akasema hashindwi na maiti. Jumanne alifunga gunia la alizeti kwenye keria akateremka mlima. Siti iling'oka katikati ya mteremko, na kichwa chake kikafikia jiwe.

"Na harufu," akamalizia Zefania, sauti ikishuka. Nathanaeli alikuwa mnywaji, alisema, lakini nyumbani kwa Stumai pombe haijawahi kupikwa, mwenyewe ni mtu wa swala tano. Asubuhi zile zote, ukiisogelea baiskeli ulisikia harufu ya pombe, kama vile marehemu ameshuka sasa hivi.

Harufu ile Anifa alikwisha kuisikia tangu aingie, akadhani ni ya stoo.

Mkutano wa sungusungu ulipangwa saa tisa. Gari la polisi lilitarajiwa saa kumi na moja, kama barabara ingekubali. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja kulikuwa na muda wa kutosha wa kumaliza mtu. Mwaka uliopita, kijiji cha jirani, mama mmoja alihukumiwa hivi hivi na nyumba ikachomwa naye akiwa ndani. Anifa alimwomba Zefania asubiri gari. Zefania alisema lisemwalo lipo, na kwamba watu hawawezi kulala siku nyingine na jambo hili.

Alikuwa na haraka mno kwa mtu aliyejiamini. Anifa aliliweka hilo kichwani.

Stumai alikuwa amefungiwa chumba cha pili, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, khanga yake ya msiba bado mwilini. Anifa alimfungua kamba kwanza, akamsalimu, ndipo akakaa sakafuni mbele yake.

"Ulitaka Samweli afe?"

"Nilitaka asinirithi, afande. Si jambo moja."

"Siti uliipandisha wewe?"

"Sina hata spana."

"Basi niambie unachokijua. Usinifiche, muda wetu ni mfupi."

Stumai alisema kwamba alfajiri ya Jumamosi, alipoamka kutawadha, alisikia baiskeli ikilia pale kwenye kona. Kriii, halafu kimya. Kama mtu anayejiweka sawa kwenye siti. Nathanaeli alikuwa na tabia hiyo, kukaa juu ya baiskeli ndani ya nyumba, mguu mmoja ukutani, akingoja uji. Alipowasha kibatari hakukuwa na mtu, ila ile harufu ilikuwepo. Alfajiri ya pili ikalia tena.

"Ukafanya nini?"

"Nikamsalimia."

"Nani?"

"Afande, unaniuliza nani?" Macho yake yalikuwa makavu. "Nikamwambia shamba limelimwa nusu. Nikamwambia mdogo wake ananisumbua. Asubuhi tatu nimeongea naye. Kama huko ndiko kuita, basi nilimwita."

Maneno hayo yakitamkwa uwanjani, gari la polisi lingekuta majivu. Anifa alimwambia asiyarudie mbele ya mtu yeyote, hata akiulizwa kwa viboko. Kisha akatoka nje akavuta pumzi, maana ndani mle nywele za mikononi zilikuwa zimemsimama, na askari haruhusiwi kusimamwa na nywele.

Alirudi stoo kufanya lililo wazi kwake, kupima. Alilirudisha bomba ndani ya fremu. Liliingia kidole kimoja na nusu likakwama. Aliona ni kwa sababu limepinda, akaandika hivyo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la siku hiyo. Akachora mstari wa chaki pale bomba lilipoingilia, akafunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo mfukoni. Halafu akaomba lifti ya lori la vitunguu mpaka Shelui.

Fundi Calist alikuwa na kibanda nyuma ya vibanda vya chipsi, pale malori yanapopumzika. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono safi kupita kiasi kwa fundi baiskeli. Kwenye meza yake kulikuwa na tupa, msumeno, kopo la mtama, furushi la matambara, chupa ya oili chafu na vipande vya bati alivyovikata kwenye makopo ya maziwa. Habari za Samweli zilikuwa zimemfika, na alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Mimi siti siwezi kuiacha chini ya vidole vinne. Muulize yeyote." Akachukua bomba jipya akalitumbukiza kwenye fremu iliyokuwa inaning'inia. "Tazama, afande. Hapa bomba la juu la fremu linaungana na hili la siti. Bomba lako lazima lipite kiungo hiki, liingie chini yake. Likiishia hapa juu, kila ukikaa linaupanua mdomo wa fremu. Leo, kesho, siku ya tatu mdomo unapasuka. Vidole vinne, na viwe vya mwanamume, si vya mtoto."

"Ya Samweli uliiacha vingapi?"

"Mtu mfupi yule. Vidole saba. Haikuwa na shida hata kidogo."

Anifa aliamini. Alimuuliza kuhusu bomba lenyewe, na Calist akalalamika kama wanavyolalamika mafundi wote wa enzi hizi. Bomba la zamani la Nathanaeli lilikuwa limeoza. Mapya yanayoletwa siku hizi ni membamba, yanacheza ndani ya fremu za zamani, hata ukiyavika bati ukakaza nati mpaka ilie, mtu akikaa yanazama. Wateja walimsumbua mwaka mzima. Lakini yeye alikwisha kupata dawa yake, na tangu kiangazi siti zake hazishuki.

"Dawa gani?"

Calist akatabasamu. "Hiyo ni siri ya fundi. Nikikuambia wewe, kesho kila mwenye spana Shelui anayo."

"Mtu amekufa, fundi."

"Kwa siti kupanda, afande. Dawa yangu ni ya kutoshuka."

Hapo alikuwa na haki, na Anifa alilazimika kukubali. Alimuuliza baiskeli ngapi za Ngalamila zimepata dawa hiyo, akajibiwa tisa. Alipogeuka kuondoka, Calist akakumbuka jambo akacheka peke yake. Jumapili, alisema, yule mkubwa wa sungusungu wa Ngalamila alikuja mbio akiisukuma baiskeli yake kuuliza kama siti inaweza kupanda yenyewe. Calist alimcheka mpaka akaondoka kwa hasira. Calist alidhani mzee aliuliza kwa niaba ya Samweli.

Mvua ilimwangukia Anifa njiani akirudi kwa lori jingine, saa saba unusu, mvua nzito ya matone makubwa ambayo nchi ile huingoja miezi saba. Dereva alisimama chini ya mlima nusu saa kungoja barabara itulie. Anifa alikaa akiangalia saa yake. Ilipofika saa nane na robo alishuka akapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi.

Ofisi ya kata ilikuwa kimya. Kufuli lilikuwa vilevile, halijaguswa. Bati la stoo lilikuwa linavuja, na tone moja baada ya jingine lilikuwa likidondoka juu ya baiskeli, kwenye siti, likiteremka kando ya bomba na kupotelea ndani ya fremu. Harufu ya pombe ilikuwa kali kuliko asubuhi.

Mstari wa chaki ulikuwa umepanda.

Ulikuwa juu ya mdomo wa fremu kwa nusu kidole. Mchana kweupe, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni mwake. Anifa aliogopa. Hakuna haja ya kumfichia; aliogopa kama alivyoogopa utotoni akipitishwa makaburini, akasoma alichokumbuka cha kusoma, na mgongo wake ukatafuta ukuta wenyewe. Ndipo, mbele ya macho yake, bila upepo na bila mkono, baiskeli ikalia. Kriii. Siti ikatikisika kidogo ikatulia.

Kutoka upande wa mashine ya kusaga filimbi ya sungusungu ilipulizwa. Watu walikuwa wameanza kukusanyika mapema.

Filimbi ndiyo iliyomwamsha. Alijiambia kwamba marehemu, hata awe mrefu vipi, hana haja ya kungoja mvua ndipo apande baiskeli. Siti ilitulia miezi miwili ya kiangazi. Iliamka mvua ilipoamka. Ililala Jumatano na jua, na leo imelowa imepanda tena. Kinachopanda kwa maji si mtu, na kama si mtu basi kimo mle ndani.

Akalishika bomba kwa mikono miwili akalizungusha na kulivuta. Lilitoka na mlio wa kunyonywa. Harufu ikampiga usoni. Akaingiza jicho kwenye mdomo wa fremu, na kitu cheupe kikamtazama kutoka gizani: vinyuzi vyeupe vingi, vyembamba, vimejikunja na kusongamana mpaka juu, kama nywele za mtu aliyezikwa wima. Anifa akarudi nyuma hatua mbili. Kisha, kwa sababu muda haukuwepo, akarudi mbele, akachomoa spoku moja kwenye gurudumu lililovunjika, akachokonoa.

Mtama ukamwagika sakafuni. Ulikuwa umevimba, umelowa, umechipua. Akaendelea kuchokonoa, na fremu ikaendelea kutapika mtama mpaka mwisho likatoka tambara lililoloa, lile lililouzuia usianguke chini kwenye pedali. Akaiona meza ya Calist, na kile alichokipita kwa macho bila kukiona. Hiyo ndiyo dawa ya siti kutoshuka. Unaziba chini kwa tambara, unajaza mtama mkavu, bomba linakaa juu yake kama juu ya mwamba. Kiangazi chote ni mwamba. Mvua ikiingia, mwamba unaota.

Alifunga mtama ule ndani ya mtandio wake akakimbia.

Uwanja wa mashine ya kusaga ulikuwa umejaa. Wanaume wa sungusungu walikuwa na fimbo na pinde, na katikati Stumai alikuwa amepigishwa magoti kwenye tope, kamba zimerudi mikononi. Galoni ya mafuta ya taa ilikuwa imewekwa kando ya mashine, bila maelezo. Mbele kabisa, juu ya kigoda, alikaa Bibi Rebeka, mama aliyezika watoto wawili katika miezi mitatu. Alikuwa hajalia tangu Jumanne, walisema. Zefania alikuwa akisema kwa Kinyiramba, na Anifa hakuhitaji mkalimani kujua amefika wapi.

Hakubishana naye. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kigoda, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumtazama.

"Nina swali la mtu asiyejua, na wewe unajua kuliko wote hapa." Akafungua mtandio. "Hiki ni nini?"

Bibi Rebeka alikuwa mpishi wa pombe kwa miaka arobaini. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliokota punje, akazinusa, akaing'ata moja, akatema, na uso wake ukaonyesha tu uchungu wa mpishi anayeona kazi mbovu.

"Kimea cha pombe," alisema. "Kimeharibiwa. Kiliroweshwa kama Ijumaa, kikabanwa mahali pasipo hewa, kimeanza kuchacha. Nani anatengeneza kimea hivi?"

"Mama, mtama ukiuloweka kwa kimea, unaufunga gunia lijae?"

"Ukilijaza, gunia linapasuka. Lazima uuachie nafasi. Mtoto mdogo anajua hilo."

"Hiki kimetoka ndani ya baiskeli ya wanao."

Kwa sauti ya kawaida, bila kupanda juu ya chochote, Anifa akaeleza. Alieleza bomba jembamba, tambara, mtama, mvua ya Ijumaa. Alieleza ile pombe isiyopikwa na mtu. Wanawake walielewa kwanza. Kila mmoja wao aliwahi kuamka alfajiri akakuta kimea kimesukuma kifuniko cha chungu, na minong'ono ilianzia kwao ikasambaa nyuma. Wanaume walimtazama Zefania.

"Aliutia huyu," Zefania akasema, fimbo ikimwelekea Stumai. Jasho lilikuwa linamtoka. "Uliwekwa kwa mkono wake. Ni uchawi wa mtama, basi."

"Na wa kwako aliutia nani?"

Zefania akaishusha fimbo.

"Panda baiskeli yako, mzee. Tangu asubuhi unaisukuma. Ipande tuone."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma yake. Anifa aliifuata, na watu wakampisha. Hakuhitaji kupima. Juu ya mdomo wa fremu, wazi kabisa, palionekana mkato mwembamba wa msumeno, ule ambao haupaswi kuonwa na mtu yeyote. Aliomba spana, akapewa. Alilegeza nati, akalivuta bomba, akaiinamisha fremu mbele ya kamanda wa sungusungu wa Ngalamila. Mtama uliochipua ukamwagikia viatu vyake.

"Ulijua tangu Jumapili," Anifa alisema.

Mtu mzima yule akakaa chini kwenye tope. "Nilimkatalia Nathanaeli kitu siku moja kabla hajafa," alisema. "Siti yangu ilipoanza, nikajua zamu yangu imefika. Nikasema akiondolewa anayemwita, ataniacha." Akajifuta uso kwa kiganja chenye tope. "Samweli nilimwona akipita na lile gunia. Nilikuwa mlangoni. Sikumwambia kwamba yangu pia inapanda, kwa kuwa wangesema nimelaaniwa."

Hakuna aliyempiga, na hakuna aliyemsaidia kuinuka. Anifa alituma watu wawili wazima wakazuie baiskeli saba zilizobaki, na barua kwa askari wa Shelui wamkalishe Calist kituoni kabla habari hazijamfikia mtu mwenye hasira. Fundi angejibu mbele ya hakimu, akiwa mzima. Zefania naye angeandika maelezo. Bibi Rebeka ndiye aliyeinuka kwenye kigoda, akamwendea mkwewe, akapiga magoti kwa shida akaanza kuifungua kamba. Fundo likamshinda, akaliuma kwa meno. Ndipo alipolia. Alilia akiwa ameushika mkono wa Stumai, na hakuwa na mtu wa kumlaumu tena.

Gari lilichelewa. Uwanja ulipobaki mtupu Anifa alichuchumaa kukusanya vielelezo. Stumai hakuwa ameondoka. Alisimama akijisugua mikono pale kamba ilipokata, akitazama mtama ulivyolala kwenye mtandio.

"Uko huru, dada," Anifa alimwambia. "Nenda nyumbani ukapumzike."

"Mlio ule wa alfajiri," Stumai akasema. "Ulikuwa huu?"

"Ulikuwa huu. Bomba likisukumwa na bati linakwaruza."

"Na harufu."

"Na harufu."

Stumai aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua. Hakuonekana mtu aliyeokolewa. Khanga yake ilikuwa imemteleza begani naye hakujua.

"Kwa hiyo hakurudi," alisema. "Asubuhi zote tatu, niliyekuwa namweleza mambo yangu ni mtama."

Katika mafunzo ya polisi Moshi hawakufundisha jibu la hilo. Anifa angeweza kusema pole, na alisema, lakini lilikuwa neno dogo. Stumai akachuchumaa, akaokota punje moja yenye mzizi mrefu, akaiweka kiganjani akaifunika kwa kidole. Akauliza kama ikipandwa leo itaota.

"Sijui kilimo," Anifa alisema. "Lakini imekwisha kuanza."

Kwa sheria kila punje ilikuwa kielelezo, na ilitakiwa kufungwa kwenye karatasi, kuandikwa namba, kutiwa sahihi na kupelekwa Singida. Anifa alitandaza karatasi juu ya kigoda. Akaugawa mtama kwa ukingo wa kiganja, akaufunga nusu, na nusu nyingine akaisogeza upande wa Stumai.